Waya wa Nchi za Baridi

Nianze na ujinga wenyewe, maana mkiusikia kwa wengine watautia chumvi, na huu hauhitaji chumvi: nilipewa nyaya tano nizifunge kwenye swichi ya ufunguo ya injini ya boti, nikafunga nne, na ule wa tano, mweusi wenye mstari wa njano, nikamwambia baba mdogo kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba hauna kazi huku kwetu, ni wa nchi za baridi. Naona haya hata kuiandika sentensi hiyo. Lakini niliisema, tena nimeshika bisibisi mkononi, na baba mdogo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

Sasa mtaniuliza, boti na watu wa milimani wapi na wapi, ninyi huko Kasulu si mnajua mahindi na maharage tu. Ndivyo walivyosema watu wa Kigoma siku zote, wale wanaoishi na ziwa mlangoni, na ndiyo maana jambo hili liliuma. Lakini sisi tuna Malagarasi. Kwetu ni upande wa Kasulu, ng'ambo ni Kibondo, na masika mto ukifurika ukameza mafunjo, mama mwenye uchungu wa kuzaa aliye upande wetu hawezi kufika kituo cha afya kilicho upande wa pili ila kwa boti. Boti hiyo ilikuwa moja tu, ya bati, na dereva wake alikuwa baba mdogo Elia, mdogo wake marehemu baba yangu. Aliiendesha kwa kukaa nyuma kabisa, ameshika mkono wa injini chini ya kwapa kama mtu aliyekamata jogoo, na hakuwahi kumwangusha mtu majini. Nyumba yetu, na yake, na mimi mwenyewe niliyekuwa kidato cha pili, wote tulisimama juu ya kazi hiyo.

Basi mwaka huo Bwana Afya mpya akaja. Alikuwa mtu wa pwani, mpole wa maneno, mkali wa usafi, shati lake jeupe hata akitoka kukagua vyoo. Akaona dereva anakaa nyuma huku abiria wanamziba macho, akasema hapana, boti za kisasa zinaendeshwa kwa mbele. Akaagiza usukani, mpini wa gia na mwendo, na swichi ya ufunguo kama ya gari. Vilipofika ndani ya sanduku lenye majani makavu, akamwambia baba mdogo maneno ambayo sote tuliyasikia.

"Bwana Elia, mimi sina ugomvi nawe. Jumamosi wageni watakuja kuiona. Ukiweza kuiendesha hivi, endelea. Usipoweza, Kigoma kuna vijana wa ziwani wanatafuta kazi, nitamleta mmoja."

"Nitaweza," akasema baba mdogo.

Tulipofika nyumbani akanitolea ile karatasi ya maelezo, ya Kiingereza mbele na nyuma, akaniwekea magotini. "Wewe ndiye unasoma," akasema. "Mimi nitafunga vyuma, wewe funga umeme."

Nami ningekataa vipi? Shuleni mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuwashia taa ndogo kwa betri mbili, na mimi ndiye niliyeitwa mbele kushika waya, kwa hiyo nilijiona mhandisi. Tukavuka kwa mtumbwi, tukaenda pale boti ilipofungwa upande wa kituo, baba mdogo akaondoa ule mkono wa nyuma, akafunga usukani na mpini kule mbele, akapitisha kamba za chuma mpaka kwenye injini, kazi safi kabisa, na mimi nikalala chali chini ya dashibodi na karatasi yangu. Swichi ilikuwa na miguu mitano. Waya wa betri niliujua. Wa kuwashia niliujua. Mbili nyingine nikazifananisha rangi na mchoro. Wa tano ulikuwa na neno moja pembeni mwa mchoro ambalo sikuwahi kuliona maishani, neno refu, baya, limekaa pale kama nyoka njiani.

Kamusi ilikuwepo. Ilikuwa kwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Yoramu, juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Jua lilikuwa kali, na mke wa mlinzi wa kituo alikuwa ameshasema ugali wa muhogo uko tayari na maharage yake. (Msinihukumu kwa sababu ya maharage. Nihukumuni kwa yale niliyoyasema.)

"Na huu?" akauliza baba mdogo, akiugusa ule mweusi wenye mstari.

"Huo ni wa nchi za baridi," nikasema. "Kwenye barafu injini zinaganda, unauunganisha kuipasha moto. Huku hauna kazi."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Akaamini. Mtu mzima mwenye watoto wanne akaamini.

Tulikuwa hatuna utepe wa kufunikia nyaya zisigusane, na hapo nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, nilikuwa nimechana ukingo wa kitenge kipya cha mama, kile cha bluu chenye majogoo ya njano kilichotoka Manyovu, kipande chembamba kama utambi, nikajiambia hawezi kuona. Aliona kabla ya chakula cha mchana. Akalaumu panya. Akaenda kwa jirani akaazima paka, akamfunga kamba mlangoni pa chumba chake, na paka yule alilia siku tatu usiku na mchana hata sisi sote tukawa tunatembea na macho mekundu, na kila mama alipolalamika juu ya panya huyo mwenye meno ya mkasi mimi nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu. Nyumbani sikuwa navaa viatu.

Injini tuliijaribu Ijumaa, boti ikiwa imefungwa kwenye nguzo. Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa mara mbili ikawaka, ikanguruma, na watu wa kituo wakapiga makofi. Wakati huo petroli ilikuwa ya kuhesabu matone, tulipewa ya safari ya Jumamosi tu, kwa hiyo baba mdogo akachomoa upesi mpira wa petroli ili injini imalizie ile kidogo iliyobaki tumboni mwake. Ikaendelea kunguruma kwa kitambo, ikalegea, ikafa. Mkono wangu ulikuwa ndiyo kwanza unafika kwenye ufunguo.

"Nimeizima," nikasema, nikajifuta jasho ili wanione.

Hivyo ndivyo hakuna mtu aliyejua, nikiwemo mimi, kwamba ule waya niliouvika majogoo ya mama ndio wa kuzimia injini. Mwenzangu anayesoma hapa na anayejua mitambo ameshaanza kucheka. Cheka tu.

Jumamosi asubuhi mama akaniita kabla sijatoka. Yeye na bibi, mama mzaa baba, wangekuwa upande wetu pale kivukoni pamoja na wageni, kwaya, watoto wa shule na kina mama wanaolowesha mihogo kwenye madimbwi ya pembeni. Mama alikuwa amevaa kile kitenge, akakikunja ukingo uliochanika kwa ndani.

"Bibi yako hajakuona tangu ufunge shule," akasema. "Ukimwona, mikono miwili. Usije ukampungia mkono mmoja kama dereva wa lori, ukaniaibisha kwa mama mkwe wangu."

Kwa msiojua: Muha hamsalimii mkubwa wake kwa kupunga. Unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, na unaendelea kupiga muda wote salamu zinapokwenda, za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za shamba, mpaka mkubwa wako aridhike. Ukikatisha katikati ni kama umemgeuzia mgongo. Mtoto wa kwetu anajua kupiga makofi hayo kabla hajajua kusema.

Nikavuka kwa mtumbwi na baba mdogo tukaifuate boti. Tukaiwasha, tukaja nayo. Na iliendeshwa, jamani. Baba mdogo alikaa kwenye usukani amenyooka kama anapigwa picha, mto umejaa, mafunjo yanapita kulia na kushoto, na nikamwona anatabasamu peke yake. Tulipoanza kuona mashati ya watu kivukoni nikamwomba.

"Baba mdogo, niachie hapa mwishoni. Wewe nenda mbele na kamba, mtu wa kufunga si lazima awepo?"

Akafikiri. Kweli mtu wa kamba alihitajika. "Polepole," akasema. "Ukifika kwenye kisiki kile cheupe, zima ufunguo, itateleza yenyewe." Akaenda kusimama puani mwa boti na kamba yake.

Basi nikawa dereva. Niliwaona wenzangu wa shule wamepanda juu ya ukingo, na mmoja akapaza sauti, "Dereva, tushushe hapo mbele," wengine wakacheka, na mimi nikavimba kifua mpaka vifungo vikalalamika. Nikamwona Bwana Afya na shati lake. Nikaiona kwaya, imeshaanza kuimba. Na mbele ya wote, kwenye maji ya kifundo cha mguu, ameshika fimbo yake, bibi.

"Mwakeye, mwana wanje," akaita.

Nilifanya nini? Nilifanya vile nilivyolelewa. Nikaachia usukani, nikainama, nikaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, bibi."

"Shule hawajambo?"

Kwaa, kwaa, kwaa. "Hawajambo, bibi."

"Na walimu?"

"Hawajambo." Kwaa, kwaa. Usukani ukawa unajizungusha wenyewe kama unaitwa na mtu. Boti ikaanza kukata kushoto, ikakiacha kisiki cheupe, ikawa inakwenda sambamba na ukingo, inapita mbele ya wageni mmoja mmoja kama inawakagua, na bibi anageuka nayo polepole kwa sababu salamu zilikuwa hazijafika kwenye ng'ombe.

"Lazaro," baba mdogo akaita kutoka mbele, bado kwa sauti ya kawaida. "Zima."

Nikazima. Nikazungusha ufunguo mpaka mwisho, tena kwa madaha. Injini ikaendelea. Nikauzungusha tena. Ikaendelea. Nikauchomoa kabisa kwenye swichi, nikageukia nyuma kuitazama ile injini uso kwa uso, nikauinua ufunguo juu kuionyesha, kama mtu anavyomwonyesha mbwa fimbo. Haikujali.

"Nimeutoa ufunguo," nikasema.

"Vuta mpini nyuma," akapiga kelele baba mdogo. "Nyuma, Lazaro."

Nikauvuta nyuma. Nyuma yangu mimi. Na mimi nilikuwa nimeigeukia injini, kwa hiyo nyuma yangu ilikuwa ndiyo mbele ya boti. Kitu kile kikanguruma kama lori linalopanda mlima wa Titye, pua ikanyanyuka, nikaangukia mpini kwa ubavu nikaukunja hukohuko ulikokwenda, na baba mdogo Elia, ambaye hakuwahi kumwangusha mtu majini, akaruka kutoka kwenye boti yake mwenyewe, kamba mkononi, akaingia kichwa mbele kwenye dimbwi la mihogo ya siku nne. Boti ikamfuata. Ikapanda tope, ikakwama kati ya madimbwi, na mgongo wake ukawa umeelekea wapi? Umeelekea kwa wageni.

Mnajua mihogo iliyoloweshwa siku nne inavyonuka. Sasa chukueni maji yake, changanyeni na tope jeusi la Malagarasi, yapeni feni ya chuma inayozunguka kwa nguvu zake zote, na msimamishe mbele yake shati jeupe. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili. Sauti ya kwanza ilinyamaza mara moja, sauti ya tatu ilijitahidi kidogo, kisha wote wakawa wanakimbilia mlimani na makaratasi yao juu ya vichwa.

Baba mdogo akatoka dimbwini mweupe kwa mihogo kama mtu aliyepakwa chokaa, akapanda boti, akauchomoa mpira wa petroli. Lakini mnakumbuka ile petroli inayobaki tumboni. Tukasimama tukiingojea iishe, mimi na ufunguo wangu, yeye na mpira wake, na injini ikiwa nje ya maji inalia na kutoa moshi, na baba mdogo anaitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Muda wenyewe ulikuwa kama wa kusali Baba Yetu mara moja, na naamini kuna waliosali. Ikafa. Kukawa kimya kabisa, na katika kimya hicho nikasikia makofi ya taratibu. Bibi, tope hadi kwenye nyusi, alikuwa bado ananisubiri.

"Na ng'ombe?" akauliza.

Nikamwonyesha ufunguo. Ndivyo salamu ile ilivyokatika.

Bwana Afya akaja akivuta miguu topeni. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Akapapasa injini, ikamwunguza vidole. Akainama chini ya dashibodi.

"Nani amefunga nyaya hizi?"

"Ni mimi," akasema baba mdogo.

Na mimi nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, jamaa zangu, hayo mengine yote ni vichekesho tu. Mihogo, shati, kwaya, hata mimi nayasimulia nikicheka. Lakini nilisimama pale na mdomo wangu mzima, mdomo ambao haujawahi kukosa la kusema tangu uote meno, nikamwacha mtu mwenye mihogo masikioni aseme ni yeye, mbele ya watu waliokuwa wameshaambiwa kuna kijana wa ziwani anangoja kazi.

"Ninyi watu wa milimani," Bwana Afya akaanza, kisha akakatisha, kwa sababu alikuwa amevuta ule waya wa tano ukatoka, na mwishoni mwake, umefungwa vizuri kwa fundo, ulikuwa utepe wa bluu wenye nusu ya jogoo wa njano. Akauinua juu mwangani. Watu wakautazama utepe. Kisha, mmoja mmoja, kama waliokubaliana, wakageuka wakamtazama mama yangu.

Mama aliushika ule ukingo aliokuwa ameukunja kwa ndani, akaukunjua, akaacha uning'inie watu wauone, akanitazama.

Nikanyoosha mkono kama darasani. "Ni mimi, Bwana Afya. Yeye hakufunga hata mmoja. Nilimwambia waya huo ni wa nchi za baridi."

"Wa nchi gani?"

Nikarudia. Kwenye ukingo wenzangu wakaanza kucheka, na ndipo lilipozaliwa jina langu la Barafu, ambalo lilinisubiri shuleni likiwa limefika kabla yangu.

Fundi alitoka Kigoma baada ya siku kadhaa, akabadilisha kitu fulani cha kupandisha maji ya kupoza injini, kilichoungua, akaunganisha ule mweusi wenye mstari kwenye mguu wake kwa muda ambao sisi tungechukua kunawa mikono. Injini ilipona. Baba mdogo hakufukuzwa, lakini na kijana wa ziwani akaja, na masika yote yale nilipokuwa nikivuka kwenda shule nilimwona baba yangu mdogo amesimama puani mwa boti na kamba, na mtoto mwenye umri wa kuwa mwanawe amekaa kwenye usukani alioufunga yeye. Usukani alikuja kurudishiwa, lakini mvua ziliisha kwanza. Baba mdogo aliniuliza jambo moja tu, tukiwa tunaosha boti jioni ya siku ileile.

"Neno lile kwenye karatasi, ulikuwa unalijua?"

"Hapana."

"Ungesema tu," akasema, akaendelea kuosha.

Tangu siku hiyo nikiulizwa jambo nisilolijua nasema silijui, hata mbele ya mwalimu, hata mbele ya wasichana. Ni vigumu kuliko mnavyodhani. Na kwa bibi nilikwenda kesho yake, nikasimama mlangoni, nikaanza makofi moja kwa moja kwenye ng'ombe.

Lakini jioni ile, boti ilipokwisha kuoshwa, tulirudi nyumbani mimi na mama kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, na kilima chote hakugeuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, ambayo ni mabaya zaidi. Tulipofika akavua kile kitenge, akavaa cha shambani, akakitia majini, akakisugua, akakianika na ule ukingo wake mbaya ukiwa upande wa njiani. Paka alikuwa bado amefungwa mlangoni, analia. Mama akamfungua kamba, akaja akaniwekea mikononi, na akasema maneno haya, sikuongeza wala sikupunguza:

"Kamrudishe paka wa watu. Panya tumeshamwona."